Askari Waliorudi Shambani: Historia ya Masisi na Walikale

Mpofi, mashariki mwa Kongo, iko pale ambapo maeneo ya Masisi na Walikale yanapakana, kwenye njia inayotoka Sake kupitia Masisi-kati na Nyabiondo kuelekea Walikale. Upande wa vilima ni nchi ya Wahunde. Ukishuka, unaingia msitu wa Wanyanga. Kwa zaidi ya miaka mia moja majeshi mbalimbali yamechukua vijana wa njia hii kutoka shambani, na waliosalia wakarudi huko huko. Habari zao haziishii vitani, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yao ilipita kwenye migomba.

Vita Kuu ya Kwanza iliwafikia watu wa Kivu hasa kama wapagazi. Septemba 1914 Wajerumani walikikamata kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, likaongozwa na Jenerali Charles Tombeur kuvuka kuingia Rwanda. Kigali ikaanguka tarehe 6 Mei, Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya kila askari walikuwepo wenye mizigo ya risasi na unga, na hao ndio waliokufa kwa wingi njiani kwa kuhara, baridi na njaa. Maafisa waliandikwa majina, wapagazi walihesabiwa tu.

Baada ya hapo uandikishaji ukawa desturi ya kila mwaka. Machifu walipangiwa idadi ya vijana wa kutoa, na muda wa utumishi ulikuwa miaka 7. Mara nyingi mwami (chifu) au kapita (msimamizi wa kijiji) alimbakiza mwanawe na kumtoa yatima, mgomvi, au kijana asiye na wajomba wa kumtetea. Kwa kuwa maasi ya askari Batetela ya 1895 na 1897 yalikuwa yamewatia Wabelgiji hofu, vikosi vilichanganywa makabila kwa makusudi na askari alipelekwa mbali na kwao. Amri zilitolewa kwa Kilingala, nacho kikarudi vijijini pamoja na wastaafu. Jambo moja lilimfaa askari: aliruhusiwa kuishi na mkewe kambini. Mke huyo alilima kibustani nyuma ya nyumba, kwa hiyo hata jeshini familia haikuachana kabisa na jembe.

Vita Kuu ya Pili ilipanua jeshi hadi kufikia takriban watu 40,000. Mwaka 1941 vikosi vya Kongo vilivuka Sudan vikaingia Uhabeshi, vikateka Asosa mwezi Machi, na Julai Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri huko Saio. Magonjwa yaliua wengi kuliko risasi. Wengine walipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Kikosi cha tiba kilifika Madagaska na Burma. Mmoja wa kikosi hicho, koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Nishani iliyosubiri karibu miaka 80 ni ya heshima, lakini ilichelewa mno kwa wenzake.

Nyumbani, waliobaki hawakupumzika. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mpira ya Asia, basi wanakijiji wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa porini. Mwanzoni mwa 1944, Bushiri Lungundu, mhubiri wa dini ya Kitawala, aliwaongoza watu wa pande za Lubutu na Masisi kuasi, na Force Publique ikatumwa kuwazima. Februari ya mwaka huo huo askari wa Luluabourg nao waliasi maafisa wao. Jeshi lililosifiwa kwa kumshinda Mwitalia lilikuwa likiwapiga wakulima wa nchi ambako baadhi ya askari wake walizaliwa.

Mstaafu alirudi akakuta ardhi imebadilika. Hifadhi ya Albert ilianzishwa 1925. Mwaka 1928 Comité National du Kivu ikapewa mamlaka makubwa juu ya ardhi ya jimbo. Na kuanzia 1937 serikali ikahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kuja kufanya kazi Masisi, hasa Gishari. Sheria ya 1973 ilipotangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali, mwenye hati alimshinda mwenye kumbukumbu. Vilima vingi viligeuzwa malisho ya ng'ombe. Mzee aliyejua kulenga shabaha hakujua mlango wa ofisi ya ardhi, na hapo ndipo wengi walipopoteza zaidi kuliko walivyopoteza vitani.

Julai 1960 Force Publique iliasi na kuitwa Armée Nationale Congolaise; mwaka 1971 ikawa jeshi la Zaire. Mishahara ya miaka ya mwisho ya Rais Mobutu haikutosha, na uporaji wa Septemba 1991 uliofanywa na wanajeshi wenyewe unatosha kueleza hali ilivyokuwa. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo kijana aliweza kuwa mpiganaji bila kutoka kijijini kwake. Tume ya CONADER, iliyoundwa 2003, iliwapa wapiganaji waliokabidhi silaha fedha kidogo za kuanzia maisha. Mpango mwingine wa aina hiyo, P-DDRCS, ulifuata 2021.

Aliyerudi kulima alirudia kazi yenye ratiba yake. Maharage hupandwa Septemba na tena Februari. Yale yanayopanda yanahitaji vijiti virefu, na kuvikata ni kazi ya watoto wanapotoka shule. Mavuno hubebwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao, hadi soko la njiani, na hugeuka minervali (ada ya shule) na sabuni. Mgomba ulikuwa akiba: ndizi za kula na kasiksi (pombe ya ndizi) ya wageni. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria uligunduliwa Bwere, Masisi, mara ya kwanza nchini, ukasambazwa na panga lile lile linalokata mkungu. Dawa haipo, mkulima huondoa ua la chini kwa kijiti chenye panda, na panga lake hulipitisha motoni kabla ya kuhamia shina lingine.

Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale-kati wakitokea upande wa Masisi, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Maharage ya Februari yalikuwa yameshachipua.