Mkawio, Si Ucheleweshaji

Mwongozo wa Kiswahili wa programu moja ya kurekodi muziki umenifikia, na kwenye sehemu ya mipangilio ya sauti nimekuta maneno haya: "fidia ya ucheleweshaji". Msomaji asiyejua habari atadhani amefungua mkataba wa ujenzi wa barabara, pale mkandarasi anapodaiwa kwa siku alizopitiliza. Kumbe kinachozungumzwa ni latensi, ule muda ambao sauti ya mwimbaji huutumia tangu inapoingia kwenye maiki hadi mwenyewe anapoisikia kwenye hedifoni. Kila aliyewahi kuingiza sauti juu ya biti kwa kompyuta kuukuu ya nyumbani anaujua muda huo na karaha yake. "Ucheleweshaji" si jina lake. Jina lake ni mkawio. Nililipendekeza neno hili kwa maandishi mbele ya kamati inayoidhinisha istilahi, na jibu lililorudi, la sentensi moja, lilisema kwamba halina mashiko. Naomba niyaeleze mashiko hayo kwa kirefu kuliko nilivyopewa nafasi wakati ule.

Latensi asili yake ni kitenzi cha Kilatini, latere, yaani kujificha. Katika karne ya 18 mwanasayansi wa Scotland, Joseph Black, alikitumia kitenzi hicho kulipa jina joto ambalo barafu hulinywa inapoyeyuka bila kipimajoto kupanda: joto lipo, ila limejificha. Kwa maana hiyo hakuna ugomvi, na anayetaka kuliita joto hilo "fiche" simpingi. Baadaye neno likaingia katika elimu ya mwili. Hermann von Helmholtz, ambaye mwaka 1850 alipima mwendo wa taarifa katika mshipa wa fahamu wa chura, alifanya kazi katika zama ambazo wataalamu walianza kukiangalia kile kipindi kifupi baina ya mshipa kuguswa na msuli kukaza. Katika kipindi hicho ukitazama huoni kitu, lakini jambo liko njiani. Hapo ndipo maana ilipogeuka: kutoka kitu kilichojificha hadi muda unaopita kabla kitu hakijajitokeza. Mafundi wa simu na kompyuta waliporithi neno, walirithi maana hii ya pili, na ile ya kujificha ilikwisha kufifia.

Kwa hiyo wale ndugu wanaotutaka tuseme "ufiche" wa sauti wametafsiri kaburi la neno, wakaliacha neno lenyewe likitembea. Sauti ya mwimbaji haijifichi. Iko safarini.

Turudi kwenye "ucheleweshaji", maana ndilo lililochapishwa. Kuchelewa kumetokana na kucha, kupambazuka, kitenzi kile kile kinachotupa "kumekucha" na "usiku kucha". Aliyechelewa, kwa maana ya kwanza kabisa, ni mtu ambaye alfajiri ilimkuta kabla hajafanya lililompasa kufanywa gizani: mvuvi ambaye hajasukuma chombo, msafiri ambaye hajafunga mizigo. Ndani ya neno hili kuna saa iliyopangwa, na kuna mtu aliyepitwa nayo. Ukiongeza kiambishi cha kusababisha ukapata chelewesha, umemleta mtu wa pili aliyemzuia wa kwanza. Ukimalizia kwa -ji, umemfanya huyo wa pili awe na tabia hiyo. Ucheleweshaji basi unahitaji saa, aliyecheleweshwa na mcheleweshaji. Katika kompyuta ya zamani mcheleweshaji ni nani? Hayupo. Sauti imeingia kwenye kadi, imegeuzwa kuwa tarakimu, imesubiri kwenye bafa, yaani kihifadhi cha muda, hadi fungu lijae, imepita kwenye prosesa, imesubiri tena, imegeuzwa kuwa sauti, imetoka. Ni njia tu, na njia ina urefu wake. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilipotoa itifaki ya sauti ya ASIO mwaka 1997 haikumfukuza mcheleweshaji yeyote. Iliifupisha njia kwa kuipitisha sauti kando ya tabaka za Windows ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya wanamuziki.

Sasa kawia. Hili ni tawi la kawa, kitenzi ambacho washairi wa kale wa pwani walikitumia sana na ambacho mazungumzo ya leo yamekiacha. Maana yake ni kutumia muda, kukaa kabla ya kutokea. Hakina saa iliyopangwa na hakina mkosaji. Mzazi anayemtuma mtoto dukani humwambia "usikawie". Anayempeleka shule humwambia "usichelewe". Hakuna Mswahili anayefundishwa tofauti hiyo na hakuna anayeikosea. Wa shule ana kengele inayomngoja. Wa dukani hana kengele. Kinachohesabiwa kwake ni muda wa kwenda na kurudi. Na latensi inayomhangaisha mwimbaji ndiyo hiyo hiyo, muda wa sauti kwenda na kurudi. Hata methali imeliweka jambo wazi: kawia ufike. Sauti inayokawia inafika, tena nzima, ila imetumia muda.

Kutoka kawia tunapata mkawio kwa njia ile ile iliyotupa mlio kutoka lia na mkimbio kutoka kimbia. Wingi wake ni mikawio, nao unahitajika, kwa sababu kuna mkawio wa kuingia, mkawio wa kutoka na mkawio wa mzunguko mzima, na programu nyingi huionyesha yote kando kando. Jaribu kuupatia "ucheleweshaji" wingi uone utakapofika.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine, na ndiyo iliyopuuzwa kabisa katika lile jibu la sentensi moja. Katika programu hizi hizi za kurekodi kuna kitu kingine kinachoitwa dilei. Prodyuza huchukua sauti, akairudisha nyuma kwa makusudi, robo ya mdundo au nusu, ili mwisho wa mstari uitikiwe na kivuli chake. Wasikilizaji wa dansi na wa Bongo Fleva wanakijua hata kama hawajui jina. Hapo yupo mcheleweshaji, ipo nia, na upo muda uliopangwa kwa mapigo ya wimbo. Hapo ndipo "ucheleweshaji" unapostahili kukaa, na unakaa vizuri mno! Waandishi wa mwongozo wamelichukua neno la dilei wakalipa latensi, kisha walipoifikia dilei wakaishiwa, wakaandika "mwangwi". Mwangwi nao una kazi yake ya kuta na mapango. Kosa moja limeharibu maneno matatu. Hivi ndivyo hutokea istilahi zinapotungwa na watu wanaopitia orodha kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukaa hata jioni moja kwenye chumba cha kurekodia.

Mimi nimekaa. Kompyuta ninayorekodia muziki wa kusindikiza kwaya ni ya mezani, ina prosesa ya Core 2 Duo na kumbukumbu ya gigabaiti 2, na nimeweka ndani yake kinanda, besi na ngoma za nyimbo nyingi za kanisani. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya pili, mama ambaye hajawahi kuigusa kompyuta hiyo, alivaa hedifoni, akaimba mistari miwili juu ya kinanda, akasimama. "Mwalimu," akaniambia, "mbona najisikia nakawia?" Hakusema anacheleweshwa. Alikuwa ameimba kwa wakati na alijua ameimba kwa wakati. Ilikuwa sauti yake iliyokuwa bado inarudi. Kamati ingemsikiliza mama yule kwa dakika moja ingejiokolea vikao kadhaa.

Alichokisikia kinapimika. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inajaa kwa milisekunde 23. Hesabu ya kuingia na ya kutoka ikawekwa pamoja, mkawio ni kama milisekunde 46, muda ambao sauti hewani ingesafiri zaidi ya mita 15. Bafa ikishushwa hadi sampuli 128 mkawio wa mzunguko unakuwa kama milisekunde 6, na mwimbaji hausikii, ila mashine kuukuu itashindwa kulijaza fungu kwa wakati na sauti itaanza kupasuka-pasuka. Kwa matumizi: shusha bafa unaporekodi, ipandishe unapochanganya, geuza treki za ala kuwa faili moja kabla ya kuingiza sauti, na kama kadi yako ina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, itumie. Katika Audacity, fidia ya mkawio huanzia milisekunde 130 nyuma. Pima yako kwa kurekodi mdundo unaotoka kwenye spika, kisha urekebishe.

Nimeambiwa pia, na mtu ambaye jina lake liko kwenye kamusi zaidi ya moja, kwamba mkawio ni neno la wanamuziki na halitawafaa watu wa mitandao. Hoja hii inanishangaza kwa kutoka kwake. Kabla kebo ya SEACOM haijafika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na dunia yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Taarifa hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka, na kwa kasi ya mwanga safari hiyo peke yake inakaribia nusu sekunde. Hakuna aliyekuwa akiichelewesha. Kebo ilipopita chini ya bahari njia ikawa fupi, mkawio ukapungua. Neno lile lile, maana ile ile, bila kubadilisha herufi.

Toleo la pili la mwongozo huo linaandaliwa. Ninachoomba ni marekebisho ya mistari mitatu: latensi iandikwe mkawio, dilei iandikwe ucheleweshaji, na mwangwi uachiwe sehemu ya athari za ukumbi. Mapendekezo hayo nimeyatuma upya, safari hii pamoja na mifano ya sentensi kwa kila neno, na nakala yake ninayo.