Mafua ya 1918 na daftari la zahanati

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mafua. Najua wapo watakaoguna. Mafua, watasema, ni maradhi ya kupenga kamasi na kunywa chai ya tangawizi. Mtu haombi hata ruhusa kazini. Lakini mafua hayo hayo, mwishoni mwa mwaka 1918, yaliua watu wa nchi hii ambao hadi leo hatujui idadi yao. Wanahistoria hutaja makadirio ya wakati ule: kati ya watu 50,000 na 80,000 katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Itazame vizuri hesabu hiyo. Pengo lililopo baina ya tarakimu ya chini na ile ya juu ni watu 30,000. Watu wa kujaza mji mzima, na hakuna awezaye kusema kwa yakini kama walikufa au hawakufa. Basi swali langu ni moja: nani alikuwa akihesabu?

Tuchukue mahali pamoja ili tusitangetange. Mitundu ni kata iliyo kusini mwa Itigi, mkoani Singida, katika nchi ya vichaka na miombo inayoelekea Rungwa. Ukanda huo ni wa Wakimbu tangu zamani, na ukienda mashariki unaingia kwa Wagogo. Wasomaji wengi wa Dar es Salaam wanaijua Itigi kwa sababu moja tu, nayo ni reli ya Kigoma. Na reli hiyo ndiyo iliyobeba maradhi tunayoyazungumza.

Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwaka ule ule vita vilipoanza. Kufika Septemba 1916 Tabora ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na njia yote ya reli imetoka kwa Wajerumani. Miaka miwili baadaye, Septemba 1918, homa ya mafua ikaingia Afrika Mashariki kwa meli, Mombasa ikiwa mlango mmojawapo. Mlango mwingine ulikuwa kusini, kwa njia ya Nyasaland. Wakati huo hakuna aliyejua hasa kinachosababisha homa hiyo. Madaktari wengi waliamini ni bakteria. Kirusi chenyewe hakikupatikana kwa binadamu hadi mwaka 1933, huko London.

Tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Jeshi lake lilivushwa kwa meli kupitia Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na hapo likapandishwa treni. Askari wa Kiafrika walishushwa Tabora na kuwekwa kambini. Wazungu waliendelea hadi Dar es Salaam. Homa ilisafiri nao. Watu waliokwepa risasi kwa miaka minne walikufa kwa mafua katika kambi ya Tabora baada ya amani kupatikana. Treni iliyowachukua Wazungu kuelekea pwani ilipita Itigi na Manyoni, kwani reli ni hiyo moja.

Sasa, jeshi huhesabu. Jeshi lina orodha ya majina, lina tabibu, lina karani. Hata hivyo wapagazi, ambao walikuwa wengi kuliko askari, waliandikwa ovyo ovyo, na wengi wao hawakuandikwa kabisa. Leo tunanunua nyanya Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina hilo limetokana na kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Ikiwa mpagazi aliyekuwa chini ya ofisa hakuandikwa, je, mkulima wa porini kusini ya Itigi angeandikwa na nani? Hapakuwa na zahanati. Hapakuwa na karani. Hesabu ya watu ya kwanza iliyofuata utaratibu wa kisasa ilifanyika mwaka 1948, miaka 30 baadaye.

Kuna jambo jingine, na mimi naliona ndilo zito zaidi. Mafua ya kawaida huua wazee na watoto wachanga. Mafua ya 1918 yaliua sana watu wazima wenye nguvu, wa umri wa miaka 20 hadi 40. Katika Singida na Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, huanza kama Novemba mwishoni au Desemba. Tafadhali weka mambo hayo mawili pamoja. Mkono ulioshika jembe ulilala kitandani katika majuma yale yale ambayo ardhi ilikuwa inangoja mbegu. Na hii ilikuwa nchi ambayo tayari ilikuwa na njaa. Tangu 1917 Ugogo ilikuwa imeingia katika njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoletwa na ukame na na majeshi yaliyochukua nafaka, ng'ombe na vijana. Njaa hiyo iliendelea hadi 1920, na inakadiriwa kuwa Wagogo wapatao 30,000, katika 150,000 hivi, walipoteza maisha.

Hapo ndipo mafua yalipojificha. Mtu aliyekonda kwa njaa akapata homa, akakohoa siku tatu, akafa: ameuawa na nini? Wazee waliosimulia miaka ile walisimulia njaa, na walikuwa na haki, maana njaa ndiyo waliyoiona asubuhi na jioni. Kifo cha mafua kikazikwa ndani ya kifo cha njaa, na mtafiti wa leo hawezi kuvitenganisha.

Msidhani kwamba upofu huo ulikuwa wa Afrika peke yake. Homa ile iliitwa ya Kihispania, ingawa haikuanzia Hispania. Nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti yao kuandika habari za wagonjwa ili wananchi na askari wasivunjike moyo. Hispania haikuwa vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika wazi, hata juu ya mfalme wao aliyeugua. Nchi iliyosema ukweli ikabandikwa jina la ugonjwa, na zile zilizoficha zikatoka safi. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza watu milioni 50, na hesabu hiyo nayo ina mapengo makubwa.

Baada ya vita, serikali ya Waingereza ilianza kuwatazama watu wa nchi ya Wakimbu kwa sababu ya ugonjwa mwingine, malale. Kuanzia miaka ya 1920 watu waliokuwa wametawanyika katika pori lenye mbung'o walikusanywa katika makazi ya pamoja ili waweze kukaguliwa. Watu hawakuyapenda makazi hayo, na sababu walikuwa nazo. Mashamba ya zamani, mizinga ya nyuki na makaburi viliachwa nyuma. Lakini ndiyo mara ya kwanza familia za pori hilo kuwa chini ya jicho la mganga. Inasikitisha kwamba jicho hilo lilifika likiwa na amri ya kuhama.

Zahanati kwa wingi zilikuja baada ya Azimio la Arusha la 1967, na daftari linalofanana nchi nzima lilikuja baadaye zaidi. Mwaka 1993 Wizara ya Afya ilianza kusambaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5: jina, umri, kijiji, ugonjwa. Mwaka 1998 nchi za Afrika ziliafikiana kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, ili kipindupindu, surua, tauni na kupooza kwa ghafla visiwe kila kimoja na karatasi zake. Yapo yanayotolewa taarifa siku ile ile, yapo ya kila juma. Zamani taarifa ilisubiri basi au simu ya upepo, siku hizi hupita katika simu ya mkononi.

Kwa upande wa mafua yenyewe, mwaka 2008 Tanzania ilianza kuyafuatilia katika hospitali chache zilizochaguliwa, mojawapo ikiwa Haydom, wilayani Mbulu, jirani na Singida. Mgonjwa huchukuliwa ute wa puani na kooni, na sampuli hupelekwa maabara ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, Julai 2009, mafua mapya yaliyoitwa ya nguruwe yaliingia nchini, na safari hii yalikuta watu wanaoyangoja.

Lakini daftari ni la kuandikwa na pia la kusomwa hadharani. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020. Idadi ilipofika 509, na vifo 21, matangazo yalikoma, na kwa zaidi ya mwaka mmoja mwananchi hakupewa tarakimu mpya hadi katikati ya 2021. Wahudumu hawakuacha kuona wagonjwa katika muda huo. Mtafiti wa mwaka 2120 atakapoandika juu ya miezi hiyo, ninachelea atatumia lile neno letu la "kati ya".

Tuseme pia lililofanywa vema. Mwanzoni mwa Julai 2022 wagonjwa wenye homa na kutokwa damu puani walifika katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Mbekenyera haina umaarufu kuliko Mitundu. Wahudumu waliona kwamba ugonjwa ule si wa kila siku, wakatoa taarifa. Sampuli zikapimwa Ebola, Marburg na korona, hazikuwa na chochote kati ya hivyo. Kabla ya mwezi kwisha nchi ilikwisha kuambiwa kuwa ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki.

Mbekenyera iliwezekana kwa sababu wagonjwa walikwenda kituoni. Katika vijiji vya pembezoni, Mitundu na kwingineko, wapo wanaougua kifua mwezi wa Desemba wakati wa kulima, wakakaa nyumbani kwa sababu ya mbali, ya fedha, au kwa kudhani ni mafua tu. Akifa, jirani watachimba kaburi, balozi atajua, msikiti au kanisa litajua. Kitabu namba 5 hakitajua, kwa sababu kitabu hicho ni cha waliofika.