Villa d'Este: Jumba na Bustani ya Maji

Wasikilizaji, sote twajua kwamba maji hushuka, hayapandi. Lakini katika mji wa Tivoli, ulio kilimani kadiri ya maili 20 mashariki ya Roma, iko bustani ambayo ndani yake maji huruka juu kupita vichwa vya watu, na tena hupiga kinanda, wala hapana mashine hata moja ya kuyasukuma. Mahali hapo paitwa Villa d'Este, napo pana zaidi ya miaka 400. Leo twataka kupazuru pamoja nanyi, tukianzia jumbani na kuteremka mpaka chini, tuone jinsi palivyofanywa, na ni nani waliotoa gharama yake.

Kwanza yatupasa kujua zamani zenyewe. Katika karne ya 15 na ya 16 wataalamu wa Italia walifunua tena vitabu vya Warumi na Wayunani wa kale, wakachimba magofu yao, wakajifunza kujenga kwa vipimo kama wale wa kale. Wenyewe waliona kana kwamba elimu iliyokufa imezaliwa mara ya pili. Matajiri nao walishindana kwa majumba na bustani kama wafalme washindanavyo kwa majeshi.

Mmoja wao alikuwa Kadinali Ippolito d'Este, aliyezaliwa mwaka 1509, mwana wa mtawala wa Ferrara. Alitamani mno kuwa Papa, asichaguliwe. Mwaka 1550 Papa Julius III alimpa kazi ya kuutawala mji wa Tivoli. Alipofika aliona nyumba ya liwali ni chumba chumba za watawa wa zamani, haimstahili mtu wa cheo chake. Akamwita Pirro Ligorio, fundi wa kuchora majengo na mjuzi wa mambo ya kale, amfanyie jumba jipya na bustani chini yake.

Haya, natuingie. Vyumba vya jumba vimepangwa safu moja, na kuta na dari zake zimejaa picha za rangi. Picha nyingi zamhusu Hercules, shujaa wa hadithi za Wayunani, kwa kuwa ukoo wa Este ulijisifu kuwa umetoka kwake. Tukitoka barazani twaona bustani yote chini yetu, imeteremka kwa matuta na ngazi. Njia moja kubwa yapita katikati, na njia nyingine zaikata kwa pembe sawasawa, kana kwamba mtu ameipiga ardhi rula. Zamani wageni waliingia kwa lango la chini, wakapanda polepole, na jumba la mwenyeji likawa juu yao muda wote. Bila shaka Kadinali alitaka wajisikie wadogo.

Tukishuka twafika penye Chemchemi Mia. Ni njia ndefu yenye mifereji mitatu, mmoja juu ya mwenzake, na maji yatoka katika vinywa vya nyuso za mawe zilizoota kuvu. Mwisho mmoja pana maporomoko yaliyo mfano wa milima ya Tivoli. Mwisho wa pili pana Roma ndogo ya mawe. Mifereji ile ni mfano wa mito iteremkayo kutoka milimani kwenda Roma.

Hapa mwanafunzi atauliza: maji hurukaje? Jibu lake ni jepesi. Mto Aniene wapita juu ya bustani. Mafundi walichimba njia chini ya mji wenyewe, urefu wake mita 600, yaani kadiri ya yadi 650, wakayaleta maji mpaka kwenye mahodhi ya juu. Kutoka hapo yashuka katika mabomba. Maji yaliyofungwa katika bomba hutaka kurudi kwenye kimo yalikotoka. Basi yakipewa tundu jembamba huruka kwa nguvu. Bustani ina chemchemi za kujengwa 51, na mahali 364 ambapo maji huruka, na zote zaendeshwa na mtelemko tu.

Ajabu kubwa ni kinanda cha maji, kilichotengenezwa na mafundi wa Kifaransa. Maji yakianguka kwa kishindo ndani ya chumba kilichofungwa huusukuma upepo kuingia katika filimbi, na gurudumu lizungushwalo na maji hufungua filimbi hizo kwa zamu. Mwaka 1572 Papa Gregory XIII alikuja kukitazama. Yasimuliwa kwamba hakusadiki, akataka kuhakikisha kuwa hapana mtu aliyejificha ndani.

Wasikilizaji, tumeusifu uzuri. Sasa na tuseme juu ya gharama. Bonde lile halikuwa pori. Palikuwa na nyumba na mashamba ya watu wa Tivoli. Kadinali alinunua, akabomoa, akajaza udongo mahali palipokuwa na makao. Baadhi ya wenyeji walimshtaki mahakamani, lakini kazi haikusimama. Tena sanamu na marumaru nyingi zilitolewa katika magofu ya jumba la Kaisari Hadrian, lililo karibu na Tivoli. Basi gofu moja liliporwa ili jumba jingine lipambwe. Naye Kadinali alifariki mwaka huo huo wa 1572, asiyaone yote yakiisha.

Warithi wake walichoka na gharama. Sanamu ziliuzwa, mabomba yakazibwa na chokaa iliyomo katika maji, kinanda kikanyamaza. Katika karne ya 19 Kadinali mwingine, Hohenlohe, alipatengeneza kidogo, na mpiga kinanda mashuhuri Franz Liszt alikaa kwake mara nyingi, akatunga muziki juu ya maji yale. Baada ya vita vya 1914–1918 jumba likawa mali ya serikali ya Italia, likafunguliwa kwa watu wote. Mabomu yaliliharibu mwaka 1944, likatengenezwa tena. Mwaka 2001 liliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mwaka 2003 kinanda kililia tena.

Elimu hiyo ya vipimo ilifika hata kwetu. Ngome ya Fort Jesus huko Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Wareno, ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Atazamaye ramani yake ataona mistari ile ile ya rula, upande mmoja ukilingana na wa pili.

Basi tusemeje juu ya Villa d'Este? Mafundi wake wastahili sifa, maana walijua tabia ya maji wakaitumia bila kuyalazimisha. Bwana wake alipata anasa yake kwa kuwahamisha wengine, na hilo halifutiki kwa uzuri wa chemchemi. Lakini lango lililofungwa kwa ajili ya mtu mmoja sasa liko wazi kwa kila alipaye kiingilio, hata mjukuu wa mkulima wa bonde lile. Mwanafunzi apitaye mbele ya jengo kubwa, popote lilipo, na aulize mambo matatu: nani aliliamuru, nani alilijenga, na nani alikaa hapo kabla yake.