Kubandika, Kuwamba na Kutia Utando: Historia Fupi ya Msamiati wa Kuhifadhi Picha

Marereni, mji mdogo ulioko kaskazini ya Malindi katika barabara iendayo Garsen, wajulikana kwa mabwawa yake ya chumvi. Hewa ya pwani hiyo ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Picha iliyotundikwa ukutani bila kinga hujikunja. Iliyogusana na kioo cha fremu hushikamana nacho, hata isiweze kubanduliwa bila kuchanika. Kubandika na kufunika picha mahali kama hapo ni haja, wala si pambo tu, na msamiati wa kazi hiyo wastahili kuchunguzwa.

Msamiati huo umejengeka kwa tabaka. Katika karne ya 19 wapiga picha wa Unguja, A. C. Gomes akiwa mmojawapo, walitumia karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai. Karatasi ya namna hiyo hujikunja ikiachwa peke yake, kwa hiyo ilibandikwa juu ya kadi ngumu. Hapo kitenzi cha Kibantu, kubandika, kilikutana na gundi, neno lililotoka India. Katika karne ya 20 karatasi nene yenye jelatini ilienea, na picha ikawekwa nyuma ya kioo. Majina picha na fremu yalitoka katika Kiingereza; msumari wa kuitundikia ulikwisha kuingia zamani kutoka Kiarabu. Yaonekana basi kwamba vifaa vilikuja na majina yake, lakini matendo yalibaki na vitenzi vya wenyeji: kubandika, kutundika, kufunika.

Plastiki imeivunja kanuni hiyo. Siku hizi husemwa kulamineti, na hapa kilichokopwa ni kitenzi chenyewe. Ubaya wake si ugeni, bali ni kutobainisha. Neno hilo halielezi kama plastiki imegandishwa juu ya picha kwa gundi iyeyukayo kwa moto, au kama picha imelazwa tu baina ya plastiki mbili zilizoungwa kingoni. Katika hali ya kwanza picha haitoki tena bila kuharibika. Katika hali ya pili kingo hukatwa, nayo hutoka salama. Mtu aliyebakiwa na picha moja tu ya marehemu babake apaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajaikabidhi picha kwa fundi.

Lugha haikosi maneno ya kuibainisha. Utando, neno la buibui na la maziwa yaliyopoa, lafaa kwa plastiki nyembamba: tendo la kwanza na liitwe kutia utando, na la pili kufungia. Picha iliyochapwa juu ya turubai na kunyoshwa juu ya kiunzi cha mbao ina kitenzi chake tangu zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kuwamba kuwa ni kuvuta na kukaza kitu juu ya kingine, kama ngozi juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda. Fundi wa turubai hafanyi jingine.

Watungaji wa istilahi wamezoea kuanza na orodha ya maneno ya kigeni, kisha wakayatafutia visawe. Historia hii fupi yaonyesha kuwa yafaa kuanza na mkono wa fundi: kwanza kutazama atendalo, kisha kuuliza ni kitenzi gani cha wenyeji kilichokwisha kulitaja.