Extra Golden: Benga ya Ziwa Victoria ilivyofika Chicago

BENDI ya Extra Golden ina nafasi ya pekee katika historia ya benga. Kundi hili la wanamuziki Wajaluo wa Kenya na wenzao wa Marekani lilihitaji msaada wa seneta ili kupanda jukwaani Marekani kwa mara ya kwanza. Onyesho hilo lilifanyika mwaka 2006 katika tamasha la muziki wa dunia mjini Chicago, na ziara hiyo ikazaa albamu ya Hera Ma Nono, iliyotolewa mwaka 2007.

Benga ilikomaa miaka ya 1960 miongoni mwa Wajaluo wa maeneo ya Ziwa Victoria. Wapigaji gitaa walihamishia kwenye ala hiyo ya kisasa mapigo ya nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane. Miongoni mwa vigogo wake alikuwa Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Tanzania aliyefariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006.

Mizizi ya Extra Golden ni utafiti wa chuo kikuu. Ian Eagleson, mpigaji gitaa wa bendi ya Marekani iitwayo Golden, alikwenda Kenya kuchunguza benga kwa ajili ya shahada ya uzamifu. Huko alishirikiana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa, na majina ya bendi hizo mbili yakaunganishwa. Mwaka 2004, wakiwa na Alex Minoff na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari, walirekodi jijini Nairobi albamu ya Ok-Oyot System. Maneno "ok oyot" kwa Kijaluo yana maana ya "si rahisi".

Hayakuwa maneno matupu. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla ya albamu hiyo kutolewa na kampuni ya Thrill Jockey ya Chicago mwaka 2006. Opiyo Bilongo, mwimbaji na mpigaji gitaa, akachukua nafasi yake.

Mwaliko wa Chicago ulipowasili, kizingiti kilikuwa viza za Wakenya. Ofisi ya Barack Obama, wakati huo seneta wa jimbo la Illinois, iliingilia kati na safari ikawezekana. Babake Obama alikuwa mwenyeji wa Kogelo, Siaya, na mnamo Agosti mwaka huo seneta mwenyewe alizuru Kogelo na Kisumu.

Shukrani zilitolewa kwa njia ya benga yenyewe. Wajaluo wana desturi ya pakruok, yaani majigambo na sifa zinazotolewa muziki ukiendelea, nao wanabenga wamezoea kuwataja wafadhili wao katika nyimbo. Hivyo Hera Ma Nono ikabeba wimbo uitwao Obama, kabla mhusika hajachaguliwa kuwa rais mnamo Novemba 2008.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia ziliikumba nchi, Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoathirika vibaya. Familia za wanabendi nazo zilitaabika, na mashabiki wa ng'ambo wakachanga fedha kuzisaidia. Albamu ya tatu, iliyotolewa mwaka 2009, ilipewa jina la kuwashukuru wachangiaji hao: Thank You Very Quickly.