Tarehe Iliyouzwa Kabla ya Filamu: Star Trek na Desemba ya 1979

Jioni ya tarehe 6 Desemba 1979, filamu ya Star Trek: The Motion Picture ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Washington. Mwongozaji wake, Robert Wise, aliibeba nakala mwenyewe hadi huko, kwa kuwa ilikuwa imetoka maabara muda mfupi tu uliopita. Kesho yake ikafunguliwa katika majumba ya sinema zaidi ya 850 nchini Marekani. Hivyo swali lililowasumbua wakuu wa studio ya Paramount kwa mwaka mzima, kwamba filamu hii itawahi tarehe yake au la, likawa limejibiwa. Iliwahi. Hata hivyo Wise hakuridhika. Kwa maoni yake, watu walikuwa wameonyeshwa rasimu.

Habari za filamu hii husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mafundi hodari waliokesha hadi kazi ikaisha. Ni kweli walikesha, lakini filamu nyingi huwa na mafundi wanaokesha na bado huchelewa. Ninaona sababu kubwa ilikuwa nyingine: tarehe 7 Desemba ilikuwa imeshauzwa, na waliouziwa walikuwa tayari kwenda mahakamani.

Ili kulielewa jambo hili inabidi kurudi nyuma hadi 1948. Kabla ya mwaka huo studio kubwa za Hollywood zilimiliki majumba ya sinema. Studio iliyochelewa kumaliza filamu ilikuwa ikijichelewesha yenyewe tu: ukumbi ni wake, inaweka filamu nyingine, inasonga mbele. Mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka sheria za ushindani, na studio zikalazimika kutengana na kumbi zao. Jina la kwanza katika orodha ya walioshtakiwa lilikuwa Paramount. Kuanzia hapo mwenye filamu na mwenye ukumbi wakawa watu wawili, na kati yao kukawa na mkataba.

Katika miaka ya 1970 mkataba huo mara nyingi ulikuwa wa kuuziana mbuzi kwenye gunia. Mwenye ukumbi aliahidi fedha kwa filamu ambayo hajaiona, wakati mwingine filamu ambayo hata haijapigwa, ili apate haki ya kuionyesha katika msimu wa Krismasi au wa kiangazi. Malalamiko yalikuwa mengi, na majimbo kadhaa yalianza kutunga sheria za kupiga marufuku biashara hiyo. Kwa Star Trek, Paramount ilipokea dhamana za makumi ya mamilioni ya dola kutoka kwa wenye kumbi. Kitu ambacho wanunuzi hao walikuwa na uhakika nacho kilikuwa kimoja tu, yaani siku. Hawakujua hadithi, hawakujua ubora, lakini walijua kwamba Ijumaa ya tarehe 7 Desemba skrini zao zitakuwa na filamu. Studio ikikosa siku hiyo, ingekabiliwa na kesi ya pamoja ya watu waliokuwa wameacha filamu nyingine za Krismasi kwa ajili yake.

Filamu yenyewe ilianza kwa kusuasua. Tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilirushwa kuanzia 1966 hadi 1969, ikafutwa, kisha ikapendwa zaidi baada ya kufa kuliko ilipokuwa hai. (Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuikumbuka: afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, jina lililochotwa katika neno letu uhuru. Nichols yumo pia katika filamu hii.) Kwa miaka kadhaa Paramount haikujua iifanye nini mali hiyo. Ilipanga filamu, ikaacha. Ikapanga tamthilia mpya ya televisheni, nayo ikaachwa mwishoni mwa 1977, baada ya Star Wars na Close Encounters of the Third Kind kuonyesha kiasi cha fedha kilichomo katika hadithi za anga. Machi 1978 ilitangazwa kwamba Star Trek itakuwa filamu kubwa, na Wise, aliyekuwa ameongoza West Side Story na The Sound of Music, ndiye atakayeiongoza. Makadirio ya awali yalikuwa takriban dola milioni 15.

Upigaji picha ulianza Agosti 1978 bila mwisho wa hadithi kukubaliwa. Mwandishi Harold Livingston na mwasisi wa Star Trek, Gene Roddenberry, walikuwa wakiandikiana upya kurasa huku waigizaji wakisubiri. Ilipofika Januari 1979 kazi ya waigizaji ilikuwa imekwisha. Lakini katika filamu ya namna hii waigizaji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni picha za karakana: vyombo vya anga, nyota na mawingu, ambavyo wakati huo vilitengenezwa kwa modeli ndogo zilizopigwa picha kwa utaratibu mkubwa, fremu baada ya fremu, kisha filamu kadhaa zikaunganishwa kuwa moja. Kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwa kampuni ya Robert Abel, mtu aliyejijengea jina kwa matangazo ya televisheni ya kuvutia sana. Abel alitaka kutumia mitambo iliyoongozwa na kompyuta, wazo ambalo historia imelipa haki baadaye. Tatizo ni kwamba mitambo yenyewe ilikuwa bado inaundwa. Mwanzoni mwa 1979 mamilioni ya dola yalikuwa yamekwenda, na picha zilizofaa kutumika zilikuwa chache mno. Mkataba ukavunjwa.

Hapo ndipo tarehe ilipoanza kutawala. Studio isiyo na deni ingefanya jambo la akili, yaani kusogeza filamu hadi 1980. Paramount badala yake ilimwendea Douglas Trumbull, fundi wa 2001: A Space Odyssey na Close Encounters, ambaye hapo awali alikuwa amekataa kazi hiyo. Safari hii alikuwa na nguvu ya kujadiliana, kwa kuwa kila mtu alijua siku zilizobaki. Alikubali, na miongoni mwa masharti yake lilikuwemo la kuachiliwa kutoka kwenye mkataba uliomfunga kwa studio. John Dykstra, aliyekuwa ameongoza karakana ya Star Wars, akaingia na kikosi chake kuchukua sehemu ya mzigo. Kazi ambayo ingestahili karibu miaka miwili ilibanwa katika miezi tisa, kwa zamu za usiku na mchana. Gharama zikapanda hadi takriban dola milioni 44, pamoja na zile za mipango iliyoachwa, na kuifanya kuwa moja ya filamu ghali kuliko zote hadi wakati huo.

Muziki nao ukasubiri picha. Jerry Goldsmith alikuwa akitunga kwa matukio ambayo bado hayakuwepo. Alipomwonyesha Wise muziki wa kwanza wa chombo Enterprise, Wise aliukataa kwa kuwa haukuwa na dhamira inayosikika, naye akaandika upya. Kurekodi kulimalizika siku chache tu kabla ya uzinduzi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi kwamba haraka haikuharibu kila kitu: dhamira iliyozaliwa katika kukataliwa huko ndiyo iliyotumiwa tena mwaka 1987 katika tamthilia ya Star Trek: The Next Generation.

Kilichoumia ni uhariri. Picha za karakana zilifika zikiwa zimechelewa kiasi kwamba ziliingizwa karibu zilivyo, ndefu, bila muda wa kuzipima na kuzipunguza. Watazamaji waliolalamika kwamba Enterprise inazungukwa kwa dakika nyingi bila kutokea jambo walikuwa, kwa maana fulani, wakitazama kalenda. Onyesho la majaribio mbele ya watu wa kawaida, ambalo Wise alilizoea, halikufanyika. Naye alijua uzito wake kwa pande zote mbili. Mwaka 1942, akiwa mhariri kijana, alishiriki kuikata The Magnificent Ambersons ya Orson Welles baada ya majaribio kwenda vibaya, na mjadala wa kitendo hicho haujaisha hadi leo.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba chanzo cha balaa ni hadithi isiyokamilika na uchaguzi mbaya wa karakana, wala si tarehe. Nakubali kwamba hayo yalileta uchelewaji. Lakini uchelewaji ni jambo moja, na kunyimwa nafasi ya kuutibu ni jingine. Star Wars pia ilichelewa vibaya, na karakana yake pia ilitumia fedha nyingi kabla ya kutoa picha za maana. Ilikusudiwa itoke Krismasi ya 1976, ikasogezwa hadi Mei 1977. Wenye kumbi wengi hawakuihitaji sana, na ilipofunguliwa ilikuwa katika majumba 32 tu. Kudharauliwa kuliipa miezi mitano. Star Trek ilitamaniwa na watu mia nane na zaidi, ikakosa hata wiki moja.

Kwa hesabu za fedha Paramount haikupoteza. Siku tatu za kwanza zilileta karibu dola milioni 12, na filamu ikaingiza takriban milioni 139 duniani kote. Lakini studio ilijifunza somo lake kwa namna yake. Roddenberry aliondolewa kwenye usukani, na filamu iliyofuata, ya 1982, ilitengenezwa kwa takriban milioni 12 chini ya Harve Bennett, mtu wa televisheni aliyezoea kubana matumizi.

Wise yeye alingoja. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 87, alisimamia toleo jipya la filamu hiyo. Baadhi ya picha ambazo hazikuwa zimekamilika mwaka 1979 zilitengenezwa, safari hii kwa kompyuta, sauti ikachanganywa upya, na uhariri ukafanywa bila mwenye ukumbi yeyote kusubiri mlangoni.