Kumbe Walikuwepo Siku Zote: Picha Zilizoitoa Milima ya Udzungwa Gizani

Kila wikiendi Insta inajaa picha za Mikumi. Twiga kando ya lami, tembo anavuka barabara, mtu katoa simu dirishani. Hakuna ubaya. Hifadhi ipo tangu 1964, na barabara kuu ya Iringa inaikata katikati kwa karibu kilomita 50, kwa hiyo hata abiria wa basi la Mbeya anapata utalii wa bure.

Ila picha adimu kuliko zote za ukanda huu hazikupigwa tambarare. Zilipigwa juu, kwenye misitu ya ukungu ya ile milima inayowazunguka watu wa Masanze, Kilosa na Mikumi: Rubeho upande wa magharibi, Udzungwa upande wa kusini. Na nyingi hazikupigwa na mtu kabisa.

Turudi nyuma kidogo, 1979. Watafiti wawili wako kwenye msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje. Wanasikia mlio wa mnyama ambao kwa vitabu vyao haukutakiwa kuwepo hapo. Wao wanashangaa, mwenyeji anayewaongoza hana habari. Kwake huyo ni n'golaga tu, anamjua. Baadaye kijijini wakaonyeshwa mtoto yatima wa mnyama huyohuyo, anafugwa na watu. Dunia ikatangaziwa kwamba kuna aina mpya ya nyani. Mpya kwa nani sasa?

Mwaka 1991 ikawa kali zaidi. Msafara wa wataalamu wa ndege kutoka Denmark uko kambini kwenye misitu ya Udzungwa, mtu anachungulia sufuria na kuona miguu ya ndege asiyeieleweka. Ndiyo, ndani ya mboga. Ndege huyo alikuwa kwale ambaye sayansi haikuwahi kumwandika, na jamaa zake wa karibu wanapatikana Asia, siyo Afrika. Mwaka 2000 ndugu yake akapatikana Rubeho, kwenye msitu wa Mafwemiro. Watu walishamla miaka mingi kabla hajapewa jina la Kilatini.

Halafu zikaja kamera za kutegesha. Usifikirie drone au lenzi ndefu kama bazooka. Ni kiboksi kinafungwa kwenye mti, urefu wa goti hivi, pembeni ya njia ya wanyama. Kikihisi joto linalopita, kinapiga flashi. Zile za mwanzo zilikuwa za filamu, kwa hiyo ukiiacha msituni wiki kadhaa unaweza kurudi ukakuta mkanda wote umeisha kwa majani na panya. Hapo bado hujasafisha picha. Na nani anapanda mlima na hizo kamera, betri na unga wa kupikia? Vijana wa vijiji vya chini. Wao ndio waliojua njia ipi inapitwa usiku.

Matokeo yake sasa. Kuna kanu mmoja aliyejulikana kwa ngozi moja tu iliyochukuliwa 1932. Mwaka 2000 kamera ikamnasa akiwa hai Udzungwa. Mwaka 2003 ikawa zamu ya minde, swala mweusi mnene wa milimani ambaye hapatikani nchi yoyote nyingine duniani ila Tanzania. Ile ndiyo picha ya kwanza kabisa ya minde porini. Simba ana mapicha tangu enzi za mkoloni, minde kasubiri mpaka watu wanatumia Nokia ya tochi.

Mwaka 2005, msitu wa Ndundulu, kamera ikatoa picha ya sange mwenye uso wa kijivu, pua ndefu kama kamkonga, makalio meusi. Mtafiti Mwitaliano aliyezitegesha alijua hafanani na sange yeyote aliyewahi kuonekana. Mwaka uliofuata wakarudi kumkamata. Anafika gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi.

Lakini mwenye stori nzito ni kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa, huko Rungwe, walikuwa wanamtaja siku nyingi, nyani mwenye aibu anayekaa juu ya miti. Watafiti walidhani ni hadithi za wazee. Mwaka 2003 wakamwona wenyewe, na 2004 timu nyingine ikakutana naye Ndundulu, mamia ya kilomita kutoka hapo. Alipotangazwa kwenye jarida la Science, Mei 2005, hapakuwa na mwili wala fuvu la mfano. Ushahidi ulikuwa picha. Wengine wakapiga kelele kwamba haijakaa kitaalamu, wengine wakajibu: wako wachache, mnataka tumuue mmoja ili muamini? Miezi michache baadaye mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima Rungwe, na vipimo vya mzoga huo vikaonyesha ana undugu wa karibu na nyani wa kawaida. Hesabu iliyotolewa 2008 ilipata kipunji 1,117 tu. Yeye angalau alibaki na jina la Kinyakyusa. N'golaga hakubahatika, huko nje anaitwa kwa jina la kijiji.

Umaarufu nao ulikuja na bei yake. Udzungwa ikawa hifadhi ya taifa 1992, na wanawake wa vijiji vya mashariki, Mang'ula na Sanje humo, wakabaki na ruhusa ya kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Kuni zinatafutwa kwingine sasa, na njia zile zile walizopita wao wanapita watalii, wakiwa na mtu wa kijijini mbele anayewaonyesha pa kuelekeza kamera.